Kusomea ualimu Marekani kwa ufadhili: TEACH Grant, Noyce, Madison au residensi?

Dada mmoja, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla hajahamia Marekani, aliniwekea barua mbili mezani jioni moja. Alikuwa amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ambayo mwishoni ingempa leseni ya kufundisha katika jimbo analoishi, na kila barua ilimwahidi fedha. Kila palipoandikwa dola alikuwa amepazungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nikamwomba kalamu hiyo, nikaanza kuzungushia neno jingine: miaka. Minne hapa, mitatu pale. Akaziangalia karatasi kimya, kisha akasema, "Kumbe bei yenyewe ndiyo hii."

Ndiyo hiyo. Fedha nyingi za kusomea ualimu katika ngazi ya uzamili Marekani hulipwa kwa miaka ya kufundisha, mara nyingi katika shule za watoto wa familia zenye kipato kidogo. Sioni ubaya wowote hapo: shule hizo zinahitaji walimu, nawe unahitaji karo. Lakini anayelinganisha dola peke yake amesoma nusu ya mkataba. Na siku hizi uamuzi huu una uzito zaidi, maana sheria iliyopitishwa Julai 2025 inaufunga mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Huo ndio mkopo ambao wanafunzi wa uzamili walikuwa wakiukimbilia karo ikiwazidi. Mkopo wa kawaida wa shirikisho unaobaki una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka.

Nimechagua njia nne za kulinganisha: TEACH Grant, Noyce, Madison na residensi, yaani mwaka wa kujifunza kazi ndani ya darasa la mwalimu mzoefu. Zote zinaweza kumfikisha mtu darasani akiwa na leseni, ila kila moja ina mlango wake.

Tunapima kwa nini

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Inampokea nani, kwa uraia, kwa somo na kwa alama? Inatoa fedha kiasi gani, na zinapitia wapi? Inadai miaka mingapi ya kazi, na katika shule ya aina gani? Ukishindwa kutimiza, kinakupata nini? Mwisho, inamfaa mtu wa namna gani?

Kabla ya yote hayo kuna jambo la kuhakikisha, kwa sababu nimeona watu likiwaumiza. Hakuna ufadhili unaotoa leseni. Leseni hutolewa na jimbo, baada ya kumaliza programu ambayo jimbo hilo limeiidhinisha na kufaulu mitihani yake. Majimbo mengi hutumia ile ya Praxis. Zipo shahada za uzamili katika elimu zilizotungwa kwa ajili ya watu ambao tayari ni walimu, na ukizimaliza unatoka na shahada nzuri bila ruhusa ya kuingia darasani. Muulize mratibu wa programu moja kwa moja: je, nikimaliza ninapata leseni ya kwanza ya jimbo hili? Na kama shahada yako ya kwanza ni ya nje ya Marekani, ipeleke mapema kwa kampuni ya tathmini ya vyeti iliyo mwanachama wa NACES, muungano wa kampuni zinazotathmini vyeti vya nje. Tathmini huchukua muda, na alama zako haziwezi kupimwa kabla haijatoka.

TEACH Grant

*Inampokea nani.* Huu ndio mlango mpana kuliko yote manne. Ni ruzuku ya serikali ya shirikisho, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Raia anaweza kuomba, na mwenye grin kadi pia. Huulizwi kama wewe ni maskini, ingawa lazima ujaze FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho. Unahitaji GPA, yaani wastani wa alama za masomo, ya 3.25, au alama za mtihani wa kujiunga kama GRE zinazozidi za asilimia 75 ya watahiniwa. Njia hii ya pili imewaokoa wengi ambao madaraja yao ya nyumbani yalipobadilishwa kuwa GPA yalishuka kuliko walivyostahili. Chuo chako kiwe kinashiriki, na programu yako iwe mojawapo ya zile ambazo chuo kimezipitisha kwa ruzuku hii. Usidhani zote zimo.

Somo nalo lina masharti. Liwe kati ya yale yenye upungufu wa walimu: hisabati, sayansi, elimu maalumu, lugha za kigeni, ufundishaji wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo na elimu ya lugha mbili, utaalamu wa kusoma, au somo lolote ambalo jimbo lako limeliorodhesha kuwa na upungufu. Hapa Waswahili tusikilize vizuri. Kiswahili kule ni lugha ya kigeni. Shule zinazokifundisha ni chache, lakini ufundishaji wa Kiingereza kwa watoto wageni uko kila kona, na mwalimu aliyewahi kujifunza lugha ya tatu akiwa mtu mzima anajua kitu ambacho wengine wanakisoma vitabuni. Kwa upande wa pili, anayetaka kufundisha masomo yote katika darasa la pili asijihesabu ndani mpaka ameona kiwango hicho katika orodha ya jimbo lake.

*Fedha.* Sheria inataja hadi dola 4,000 kwa mwaka, na jumla isiyozidi 8,000 kwa masomo ya uzamili. Makato ya bajeti ya shirikisho yamekuwa yakiishusha hiyo 4,000 hadi 3,772. Zinapitia chuoni na kukatwa kwenye karo.

*Ahadi.* Miaka 4 ya kufundisha kwa muda wote, ndani ya miaka 8 tangu umalize programu au uiache. Shule iwe katika orodha ya serikali ya shule za wanafunzi wenye kipato kidogo, na zaidi ya nusu ya madarasa yako yawe ya somo lenye upungufu. Sasa shika kalamu. Miaka 4 ni ile ile, uwe umepokea ruzuku mwaka mmoja au miwili. Aliyesoma programu ya mwaka mmoja akapata dola 3,772 amepewa dola 943 kwa kila mwaka atakaofanya kazi. Aliyesoma miwili akapata 7,544 amepewa 1,886. Mimi simshauri mtu wa programu ya mwaka mmoja aichukue, ila kama shule aliyoikusudia tangu mwanzo ni ya namna hiyo hiyo, maana hapo ahadi haimwondolei kitu.

*Ukivunja.* Ruzuku inageuka kuwa mkopo, na riba inahesabiwa kuanzia siku kila awamu ilipotolewa, wala si siku uliposhindwa. Kiwango cha mikopo ya uzamili kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni 7.94%. Kwa kiwango hicho dola 7,544 huzaa karibu dola 600 kila mwaka. Piga hesabu ya mtu aliyeacha ualimu mwaka wa saba.

Kuna historia hapa inayostahili kusemwa waziwazi. Kwa miaka mingi walimu waliokuwa wakifundisha katika shule sahihi, somo sahihi, walijikuta ruzuku zao zimegeuzwa mikopo kwa sababu fomu ya mwaka ilichelewa au saini moja ilikosekana. Mwishoni mwa 2018 Wizara ya Elimu ilikubali kuzipitia upya kesi hizo, na kanuni zilizoanza Julai 1, 2021 ziliondoa adhabu hiyo: sasa kuchelewesha fomu ya mwaka peke yake hakuigeuzi ruzuku, ila unapofika mahali ambapo miaka iliyobaki haitoshi tena kutimiza minne. Ukiugua au ukirudi masomoni unaweza kuomba hesabu ya ile miaka 8 isimamishwe, hadi miaka 3 kwa jumla. Tena, shule ikiwa katika orodha mwaka ulioanza kufundisha, kisha ikatolewa, miaka yako ya baadaye pale bado inahesabika. Hata hivyo weka nakala ya kila karatasi, na siku unayosaini ajira chapisha ukurasa wa orodha unaoonyesha jina la shule.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye uhakika wa somo na wa aina ya shule, anayesoma miaka miwili, na ambaye milango mingine haimfungukii. Haimfai anayejaribu kuona kama ualimu utampenda.

Noyce

*Inampokea nani.* Ufadhili huu una jina la Robert Noyce, mmoja wa waasisi wa Intel, na fedha zake hutoka National Science Foundation (NSF), wakala wa serikali ya shirikisho unaofadhili sayansi, tangu sheria ya mwaka 2002. Ni wa watu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ukiwa na shahada ya kwanza ya kemia, uhandisi au takwimu na sasa unataka kufundisha, kuna sehemu iliyotengwa kwa ajili yako. Uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu.

Linalowachanganya watu ni mahali pa kuombea. Hupeleki maombi serikalini. Chuo ndicho kinachoshinda ruzuku kutoka NSF, kisha kinawagawia wanafunzi wake. Kwa hiyo chuo cha pili kwa sifa chenye Noyce kinaweza kukufaa kuliko cha kwanza kisicho nayo. Ruzuku ya chuo ina mwisho wake pia, basi swali la kuuliza idara ni mawili kwa pamoja: mnayo, na inaisha lini? NSF huweka hadharani orodha ya ruzuku ilizotoa, hivyo unaweza kujua kabla hujalipa ada ya maombi.

*Fedha.* Angalau dola 10,000 kwa mwaka. Vyuo vingi hutoa zaidi ya hapo.

*Ahadi.* Miaka 2 ya kufundisha kwa kila mwaka wa ufadhili, katika wilaya ya shule (eneo lenye mamlaka yake ya kuendesha shule) yenye uhitaji mkubwa. Angalia tofauti na TEACH Grant: hapa kinachoangaliwa ni wilaya, si shule moja moja, na hilo linakupa uwanja mpana wa kutafuta kazi. Mwaka mmoja wa masomo, miaka miwili ya kazi, dola 5,000 au zaidi kwa kila mwaka wa kazi.

*Ukivunja.* Unarudisha, pamoja na riba, kwa kadiri ya miaka ambayo hukufundisha. Anayekufuatilia ni chuo chako. Wengine wanapenda hivyo, kwa sababu kuna mtu wa kumpigia simu anayekujua kwa jina.

*Inamfaa nani.* Mhandisi, mfamasia au mtaalamu wa kompyuta aliyechoka na kazi yake na ana mwaka mmoja wa kujitoa. Inamfaa pia anayependa kuwa na kundi, maana wafadhiliwa wa Noyce wa chuo kimoja kwa kawaida hukutana na kusindikizwa hadi miaka ya kwanza ya kazi.

James Madison Memorial Fellowship

*Inampokea nani.* Raia, na wanaofundisha au wanaokusudia kufundisha historia ya Marekani, serikali au uraia, kuanzia darasa la 7 hadi la 12. Bunge liliuanzisha mfuko huu mwaka 1986, miaka 200 ya Katiba ilipokaribia, ukapewa jina la rais wa nne, anayeitwa Baba wa Katiba. Una makundi mawili. Wanaomaliza shahada ya kwanza husoma kwa muda wote, hadi miaka miwili. Walimu walio kazini husoma kidogo kidogo huku wakifundisha, hadi miaka mitano.

Ushindani ni mkali. Lengo ni kupata angalau mshindi mmoja kwa kila jimbo kila mwaka, na hiyo inakuonyesha udogo wa tundu la sindano. Lakini unashindana na watu wa jimbo lako, na majimbo hayalingani kwa wingi wa waombaji.

*Fedha.* Hadi dola 24,000 kwa shahada nzima, zisizozidi 12,000 kwa mwaka mmoja. Shahada iwe na kozi za kutosha kuhusu Katiba, na wafadhiliwa hukusanyika Washington, D.C. kwa kozi ya majira ya kiangazi inayohesabika katika masomo yao.

*Ahadi.* Mwaka mmoja wa kufundisha kwa kila mwaka mzima wa ufadhili. Na huambiwi ni shule ya aina gani: hakuna sharti la kipato cha wanafunzi. Kwa hesabu ile ile ya kalamu nyekundu, ni dola 12,000 kwa mwaka wa kazi.

*Ukivunja.* Unarudisha fedha na riba.

*Inamfaa nani.* Aliyechukua uraia na kusoma historia au siasa, na anayependa kweli somo la Katiba. Wahamiaji wengi walioisoma Katiba hiyo kwa ajili ya usaili wa uraia wana cha kusema katika insha ya maombi, kama wanasema kwa moyo wao. Usiijengee bajeti, lakini usiache kuomba.

Residensi ya ualimu

Tofauti na tatu za kwanza, hii ni programu nzima. Wazo limeazimwa kwa madaktari: unakaa mwaka mmoja katika darasa la mwalimu mzoefu, siku zote za wiki au karibu zote, huku unasoma shahada ya uzamili jioni na wikendi. Boston Teacher Residency, iliyoanza 2003, ni kati ya za mwanzo, na sasa miji mingi ina ya kwake.

*Inampokea nani.* Inategemea programu. Somo ni lile ambalo wilaya inalihitaji, na mara nyingi ni hisabati, sayansi, elimu maalumu au Kiingereza kwa wageni. Karibu zote zinataka uwe na haki ya kufanya kazi nchini. Mbali na vyeti, huitwa usaili na kufundisha somo fupi mbele ya watu.

*Fedha.* Kuna posho ya kujikimu ya mwaka mzima, na karo hupunguzwa au kulipwa yote. Kumbuka kodi: fedha zinazolipa karo na vitabu kwa kawaida hazitozwi, lakini posho ya kujikimu ni mapato, na Aprili itakukuta. Onyo hilo linawahusu pia wa Noyce wanaopokea zaidi ya karo.

Uliza posho inatoka mfuko gani. Residensi nyingi zilitegemea ruzuku ya shirikisho iitwayo Teacher Quality Partnership. Februari 2025 Wizara ya Elimu ilifuta nyingi kati ya ruzuku hizo, na Aprili mwaka huo Mahakama ya Juu ikaruhusu fedha ziendelee kuzuiwa wakati kesi ikiendelea. Programu inayolipwa na bajeti ya wilaya yenyewe inasimama kwenye ardhi nyingine. Ofisa mwema hatachukia swali hilo.

*Ahadi.* Zinazoendeshwa kwa ruzuku hiyo hudai angalau miaka 3 katika shule yenye uhitaji mkubwa. Nyingine hujiwekea masharti yao. Unafungwa na wilaya moja, na mwenye mume au mke anayeweza kuhamishwa kazi alifikirie hilo kabla ya saini. Faida yake ni kwamba huzunguki na barua za maombi ya kazi: wilaya iliyokulea ndiyo inayokungoja.

*Ukivunja.* Unarudisha, kwa kadiri ilivyoandikwa katika mkataba wa programu husika. Mikataba hutofautiana sana, kwa hiyo usome wako mstari kwa mstari.

*Inamfaa nani.* Asiyeweza kukaa mwaka mzima bila kipato chochote, na anayejifunza kwa kushika kazi. Mwaka huo ni mgumu. Unaingia shuleni kabla ya saa moja asubuhi kuandaa ubao na mwalimu mlezi, unatoka saa kumi, saa kumi na moja u njiani kuelekea kozi, na daftari za wanafunzi zinakungoja nyumbani. Kazi ya pili ya usiku haiingii hapo. Lakini aliyefundisha nyumbani darasa la watoto 70 na sasa anakutana na watoto 25 wanaojibu kwa namna asiyoizoea, hakuna kitakachomsaidia kama mwaka mzima pembeni ya mtu anayejua mahali hapo.

Kwa hali yako

Una shahada ya sayansi au hisabati na grin kadi: tafuta kwanza chuo chenye Noyce, kisha residensi ya wilaya iliyo karibu. TEACH Grant iwe ya tatu, au iwe nyongeza kama shule yako inatimiza masharti ya pande zote. Ukichukua mbili, uliza kama miaka ile ile inahesabika kote kuwili, na jibu ulipate kwa maandishi.

Unataka kufundisha Kiingereza kwa wageni, elimu maalumu, au Kiswahili: TEACH Grant kwa programu ya miaka miwili ni ya kuangaliwa kwa uzito, pamoja na residensi.

Historia na uraia: omba Madison, na wakati huo huo ulizia orodha ya upungufu ya jimbo lako. Ukikosa Madison mwaka wa kwanza, unaweza kuanza kazi kisha ukarudi kuomba kama mwalimu aliye kazini.

Darasa la chini, masomo yote: residensi na fedha za jimbo lako mara nyingi zitakufaa kuliko tatu nyingine. Ofisi ya elimu ya jimbo huwa na ukurasa wake wa ufadhili wa walimu.

Una watoto na kodi ya nyumba: anza na swali la posho ya kila mwezi, maana ruzuku inayokatwa kwenye karo hainunui chakula.

Una viza ya mwanafunzi: TEACH Grant, Noyce na Madison zimefungwa kwako kwa sasa. Nenda kwa mkuu wa idara ukaulizie kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti inayosamehe karo, ukianzia mwezi ule ule unaopata barua ya kukubaliwa.

Na kama moyo wako bado uko nusu, una hamu ya kufundisha lakini hujawahi kusimama mbele ya darasa la Marekani, ahirisha saini. Omba kazi ya mwalimu wa muda anayeshika nafasi ya asiyekuwepo, au msaidizi wa darasa, kwa muhula mmoja. Yule dada alifanya hivyo, miezi minne katika shule ya kati, akisimamia watoto wa hisabati waliobaki nyuma. Kisha akarudi kwangu na barua ile ile ya wilaya, miaka mitatu ikiwa bado na duara jekundu, akaomba kalamu ya kusainia.